Safari Rahisi ya Florida

Zanesville, Ohio
15 Januari 1984

Mdogo wangu Dwight,

Najua huko Florida mnatembea na kaptura. Mimi nakuandikia nimevaa soksi mbili mbili na kikombe cha chai nimekiweka mapajani kinipashe moto. Sisi wazima. Tangu kiwanda cha vigae kilipompunguza, shemeji yako Lyle anatengeneza redio za watu gerejini, na redio zikiisha anakuja jikoni kunifundisha kupika. Tammy katoboa masikio bila kuniuliza. Curtis ameng'oka jino la mbele, kila akisema anapiga filimbi. Mama anakusalimu.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Wapwa zako wanataka kuja kwenye hiyo Bustani ya Michezo unayofanyia kazi. Darasani kwa Curtis kila mtoto amekwenda, na asiyekwenda anadanganya kwamba amekwenda. Hoteli za humo ndani si za watu kama sisi. Lakini nimekaa na Lyle tukaona njia: tuje na gari letu, tubebe mikate na nyama kwenye boksi la barafu, tulale kwako na wifi Noreen, na wewe utupatie zile pasi za kuingia bure mnazopewa kwa ajili ya jamaa zenu. Hapo hata mtu asiye na kazi anaweza kuwapeleka watoto wake likizo. Tunafikiria mwezi wa sita, shule zikifungwa. Mama naye atakuja.

Nisaidie na haya: nyumba yenu ina chumba cha kulala cha chini? Mlango wa mbele unafungwa kwa ufunguo, au una komeo tu? Barabara kuu iko karibu? Na daktari mzuri mnaye hapo mtaani?

Usiikalie barua hii kama unavyozikalia nyingine.

Dada yako,
Arlene


Kissimmee, Florida
19 Februari 1984

Dada Arlene,

Nimechelewa, na kosa ni langu, usiwasingizie watu wa posta. Huku nako baridi ya Krismasi ilitupiga, mpaka leo watu wanakata michungwa iliyoungua. Afya ninayo. Bado naendesha ile treni ya matairi inayowabeba wageni kutoka kwenye maegesho hadi langoni. Kutwa nawaambia wakumbuke walipoacha magari yao, na jioni wanakuja kuniuliza mimi. Noreen hajambo.

Pasi nitawaombea, hilo ondoa shaka. Shida ni nyumba. Inapakwa rangi, harufu haikaliki, makochi yote yamerundikwa katikati. Ila kuna moteli barabara kuu, ya Bi. Desai, tunafahamiana, atawapunguzia. Ina bwawa la kuogelea. Watoto wakiliona hata hiyo Bustani wataisahau.

Lakini dada, maswali yako yamenikaa kichwani. Mtu anayekuja kucheza siku chache daktari wa nini? Ufunguo wa nini? Na Jumapili ile nilipopiga simu nikamwomba Mama, ukaniambia yuko nje anaanua nguo. Nani anaanika nguo nje Ohio mwezi wa pili?

Nikipiga tena, mpe simu.

Dwight


Zanesville, Ohio
28 Februari 1984

Dwight,

Tumefurahi kusikia u mzima. Hapa theluji imefika kwenye kizingiti, Lyle kateleza akakalia kiuno chake, sasa analala sakafuni kama mbwa. Watoto hawajambo. Mama hajambo.

Nguo zilikuwa gerejini. "Nje" kwangu ni gerejini. Umeridhika?

Haya, sasa zamu yangu. Ni rangi gani inayopakwa Februari isikauke mpaka Juni? Mnapaka nyumba au mnapaka meli? Na mbona siku hizi barua zako zina sanduku la posta, zamani zilikuwa na jina la mtaa na namba ya mlango? Kadi yenu ya Krismasi nayo ilikuja na jina lako peke yako. Wifi Noreen ndiye aliyekuwa akiandika kadi miaka yote, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wako. Nilimwonyesha Lyle, akasema labda alikuwa na shughuli.

Hutaki tulale kwako, sema hutaki. Mimi ndiye niliyekufuta kamasi, siwezi kukuona mgeni.

Arlene


Kissimmee, Florida
11 Aprili 1984

Dada Arlene,

Salamu kwa wote. Pole kwa shemeji na kiuno chake. Hapa msimu wa likizo umetupiga, watu kama siafu, nimekuwa nikifanya kazi mpaka siku zangu za kupumzika, ndiyo sababu ya kukawia.

Habari ya nyumba: wakati wa kupaka rangi fundi akagundua mchwa. Itabidi ifunikwe turubai nzima na kupuliziwa dawa. Hata sisi wenyewe tutatoka. Basi moteli ndiyo hiyo hiyo.

Sasa niambie na wewe, bila kunizungusha. Nimepiga simu mara tatu. Mara Mama amelala, na saa hizo ni mchana. Mara yuko bafuni. Mara kaenda kanisani na ni Jumanne. Unanificha nini? Au ni Lyle? Maana nimewaza hivi: mtu kapoteza kazi, mke anauliza vyumba na madaktari na milango. Kama mnataka kuhamia Florida, semeni. Msije mkaniletea familia nzima kwa kisingizio cha kupanda farasi wa mbao wa Bustani.

Dwight


Zanesville, Ohio
20 Aprili 1984

Dwight,

Tunaendelea vizuri. Maua ya tulipu yameanza kuchomoza. Curtis ameota meno mapya makubwa, hajui ayaweke wapi.

Mchwa sasa. Nikikuandikia tena nadhani nyumba itakuwa imeliwa na tembo.

Lyle hawezi kuhamia popote, hata maktaba ya mjini haendi. Na Mama ana miaka sabini na tano, unataka awe na nini zaidi? Anazeeka. Anasahau kidogo, kama watu wote. Anataka kukuona, hilo tu. Mtu akitaka kumwona mwanawe kuna ubaya gani?

Moteli sawa. Tutalala moteli. Tuandikie mipango.

Arlene


Kissimmee, Florida
19 Mei 1984

Dada Arlene,

Natumaini safari hii mtaifurahia, hata kama mimi na wewe tumeianza kwa kuchunguzana.

Vyumba viwili nimeshika kwa Bi. Desai. Pasi ninazo mkononi. Sikilizeni: mfike langoni mapema kabla jua halijakaza. Mkiingia tu, nendeni moja kwa moja mpaka nyuma kabisa, maana watu wote husimama mbele kupiga picha na huko nyuma hakuna foleni. Chakula chenu kiacheni garini, mchana mtoke mle kwenye meza za nje, halafu mrudi, mikono yenu itakuwa imegongwa muhuri wa kuwarudisha ndani. Msinunue soda ndani, ombeni maji, ni bure. Mama avae kofia.

Kila mtu aje na begi moja, vyumba ni vidogo.

Dwight


Kissimmee, Florida
24 Juni 1984

Arlene,

Wasalimu Tammy na Curtis. Waambie mjomba wao alifurahi sana kuwaona wakicheka. Lyle msalimu pia, ingawa sielewi aliwezaje kunipa mkono jioni ya mwisho huku akinitazama usoni.

Jumatano asubuhi Bi. Desai alinipigia simu kazini. "Dwight, ndugu zako wameondoka, lakini bibi mmoja wamemsahau."

Nikamwambia haiwezekani, labda wamekwenda kujaza petroli.

"Petroli gani? Funguo wamerudisha, mashuka wamekunja."

Nilimkuta Mama kando ya bwawa kwenye kiti cha plastiki, amevaa kofia yake ya kanisani na koti la baridi, jua limemsimamia kichwani. Sanduku lake pembeni. Juu ya sanduku mfuko wa dawa.

"Mama, Arlene yuko wapi?"

"Kaenda kuleta gari."

"Tangu lini?"

"Sasa hivi. Wewe ndiye dereva?"

Mimi nimezaliwa na yule mama, Arlene. Akaniuliza kama mimi ndiye dereva. Nikasema ndiyo, maana kweli ni dereva, nikamfungulia mlango wa gari.

Sasa ujue jambo moja. Sikuwa na pa kumpeleka. Noreen aliniacha vuli iliyopita, nyumba ikauzwa, na mimi naishi ndani ya nyumba ya bati ya magurudumu, katika kambi ya wastaafu nyuma ya duka la chambo. Kitanda kimoja. Hapakuwa na rangi wala mchwa. Niliona aibu, nikasema mtakuja, mtacheza, mtaondoka, hamtajua. Mama alisimama mlangoni, akatazama vyombo vyangu, akatazama kitanda, akasema, "Ndiyo maana." Sijui alikusudia nini, na sikuthubutu kumwuliza.

Na mimi pia si msafi. Siku mliyofika, nilipolibeba sanduku lake bega lilinivutika. Nikalifungua nyuma ya mlango. Cherehani. Picha ya Baba na kioo chake. Mto wake wa kulalia. Nani anakwenda likizo Bustanini na cherehani? Pale pale nilijua mmemleta abaki, nikalifunga. Ningekuuliza la sanduku, nawe ungeniuliza la nyumba. Tukakaa siku zile zote tunakula sandwichi meza moja, tunachekeana.

Rudi umchukue.

Dwight


Zanesville, Ohio
20 Julai 1984

Dwight,

Sijui nikusalimu vipi. Barua hii nimeianza na kuichana zaidi ya mara moja. Lyle yupo. Tammy hasemi na mimi. Akitaka chumvi mezani anamwomba baba yake. Curtis tulipokuwa njiani, Georgia, alikataa kushuka garini kwenda chooni. Nikamvuta, akashika mkanda wa kiti, analia, "Mtaniacha! Mtaniacha kama bibi!" Akajikojolea pale pale. Nakuandikia hili ujue kwamba huna haja ya kuniadhibu.

Watoto walitaka Bustani, huo si uongo. Lakini tangu barua ya kwanza mimi nilikuwa natafuta mahali pa Mama. Uliniuliza ufunguo wa nini. Mwezi wa kwanza Mama alitoka na gauni la kulalia akafika barabara kuu, dereva wa lori akamrudisha, miguu imekuwa ya buluu. Tangu hapo nikawa namfungia. Akamwambia mchungaji kwamba namfungia ili nimwibie pete zake. Mchungaji akaja, akakaa sebuleni, akanywa kahawa yangu, akawa anaangalia vidole vyangu. Supu yangu, eti ina sumu. Maziwa yangu, eti yana sumu. Vijiko anavificha yeye chini ya godoro, kisha anawaambia majirani nimeviuza. Nilikuwa nikiamka namkuta amesimama mlangoni ananitazama, ananilinda kama mwizi. Wewe ulikuwa unapiga simu Jumapili. Ningekupa nini usikie? Akueleze kwamba namuua?

Na nyumba yako nilikwenda. Siku ile niliposema naenda kununua barafu. Anwani ninayo tangu harusi yenu. Akanifungulia mwanamke nisiyemjua, ana pini za mapazia mdomoni, nikakuulizia. "Bwana Kessler? Huyo alihama zamani." Nikarudi na barafu yangu, nikakukuta unawafundisha watoto kupiga mbizi. Nikaimimina barafu kwenye boksi.

Nilikusudia kumrudisha Mama nyumbani, Dwight. Baada ya kuona huna nyumba, nilikusudia. Uamini usiamini.

Kisha ikaja Jumanne. Tulikuwa kwenye wale farasi wa mbao wanaozunguka, nikageuka kumfunga Curtis kiatu, kuinuka Mama hayupo. Tulimtafuta mpaka sauti ikanikauka. Tukamkuta na mlinzi, kijana mpole tu, kampa maji.

"Mama, twende."

Akamshika mlinzi mkono. "Mwanamke huyu ananifuata tangu asubuhi. Anautaka mkoba wangu."

Nikacheka, nikamwambia mlinzi, "Ni mama yangu."

"Sawa, mama," akaniambia, "lakini una kitu chochote cha kuonyesha kwamba ni mzazi wako?"

Watu wamesimama na aiskrimu zao, wananitazama. Ningeonyesha nini? Nilimwambia atazame pua zetu. Curtis akasogea akasema, "Huyu bibi yangu." Mama akamtazama mtoto kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Huyu sijapata kumwona." Hapo Curtis akanishika sketi, na mlinzi akasogea kati yangu na Mama. Kati yangu na Mama, Dwight. Mpaka Lyle alipofika na kitambulisho chenye jina la ukoo lisilofanana na la Mama, wakapiga simu huku na huku, wakatuachia.

Jioni ile nilikunja mashuka.

Nilijua huna nyumba, nikamwacha. Siwezi kulipamba. Lyle alisema nikukute kazini nikuambie uso kwa uso, nikamwambia nikikuona sitaweza.

Arlene


Kissimmee, Florida
12 Agosti 1984

Arlene,

Salamu zenu nimezipata, hata kama hukuandika. Mwambie Curtis nimemnunulia miwani ya kuogelea, ipo, inamngoja.

Barua yako niliisoma nikaitupa chini. Ulijua sina nyumba, ukamwacha. Nilikaa siku nyingi na sentensi hiyo, nilikuwa naendesha treni huku naibishia kwa sauti, abiria wa kiti cha mbele wakadhani nasema nao.

Sasa nikueleze hali. Mama analala kitandani, mimi nalala chini. Hapa jirani yupo mzee Orville na mkewe Maxine, wastaafu kutoka Michigan, wanakaa naye nikiwa kazini. Wanacheza karata. Mama anaiba karata, kisha anawaambia wao ndio wanaoiba. Wiki ya kwanza nilicheka. Wiki ya pili akamwambia Orville kwamba mimi si mwanawe, nimemnunua kwa Bi. Desai. Wiki iliyofuata akakataa kahawa yangu. Aliimwaga kwenye sinki, taratibu, huku ananitazama machoni, akasema, "Nakujua." Nilitoka nje nikakaa ndani ya gari. Nikakuwaza wewe na mchungaji wako.

Hasira bado ninayo. Usidhani imekwisha.

Lakini juzi lilitokea jambo na naona si haki nikae nalo peke yangu. Nilikuwa namwosha nywele kwenye sinki, namwaga maji kwa kikombe. Akanipiga mkono.

"Si hivyo. Yule binti anaweka kiganja hapa kwenye paji, maji yasiingie machoni."

"Binti gani, Mama?"

"Yule aliyechoka."

"Anaitwa nani?"

Akafuta povu linalomtiririka shingoni. "Sijui. Mikono yake laini. Mwambie alale kwanza. Akishalala, ndipo aje."

Nikaweka kiganja kwenye paji lake kama alivyosema, akafumba macho.

Nimekuandikia kama alivyosema, sikuongeza wala sikupunguza.

Dwight


Zanesville, Ohio
19 Agosti 1984

Mdogo wangu Dwight,

Hatujambo. Barua yako niliisoma nimesimama kwenye sanduku la barua na aproni yangu. Tammy akainyakua mkononi mwangu, akaisoma, akarudisha, akasema, "Nenda." Ndilo neno la kwanza kuniambia tangu Juni.

Ila sikuamini, ndugu yangu. Mama hajapata kuniambia nilale tangu anizae. Inawezekana umelitunga ili nije nimchukue. Inawezekana umelitunga kwa kunihurumia, na hilo ndilo baya zaidi. Nimeligeuza huku na huku sioni ukweli uko upande gani.

Usiniandikie kunihakikishia, sitakuamini. Nimekwisha kata tiketi ya basi, peke yangu, nafika Alhamisi mchana. Usimwambie kwamba ni mimi. Usimtajie jina. Weka maji tu yawe ya uvuguvugu, kisha nenda kwa kina Orville, uniache niingie, nimwoshe nywele, nisikie mwenyewe atasema nini.

Arlene